Dashibodi ya Carina Ti imepauka kama goti la mwanafunzi. Weusi umeenda wapi, na unarudi vipi?

#1 Mwalimu wa Nyegezi (Jumamosi, saa 2:40 asubuhi)
Wakuu, habari za asubuhi.
Niko Mwanza, nina Toyota Carina Ti ya 1999, mwaka wa sita huu niko nayo. Injini iko vizuri, bodi siyo mbaya. Shida ni ndani. Juu ya dashibodi, pale chini ya kioo cha mbele, weusi umeondoka pamebaki rangi ya majivu. Plastiki za milango ya mbele, pale mkono unapoegemea, zina mabaka meupe. Juzi mke wangu alipitisha kidole akasema, "Hili gari linataka kupakwa mafuta kama watoto wanaokwenda shule."
Vijana wa kuosha gari wanapaka kitu chao, linang'aa siku mbili. Siku ya tatu limepauka kuliko mwanzo, tena na vumbi limeganda juu.
Naomba kujua: huo weusi unaenda wapi? Na unarudishwaje bila kununua dashibodi nyingine? Fundi mmoja kaniambia lazima ipigwe rangi, mwenzake kasema nikipiga rangi ndiyo nimeiharibu kabisa. Picha natupia jioni.

#2 Kijana wa Mabatini
Uzi tayari. Nimekaa hapa pembeni na karanga zangu nasubiri wajuzi.

#3 DagaaKavu
Mafuta ya mgando mkuu, usijichoshe. Kopo la elfu mbili unapaka mwezi mzima. Starlet yangu inang'aa mpaka trafiki anajitazama.

#4 Fundi Rangi Nyakato
mleta mada usimsikilize #3. mafuta ya mgando yanakaa juu tu. jua likipiga yanalainika, vumbi linakuja kulala humo, na usiku taa za mwenzio zikija unaona kioo cha mbele kizima kina utando. siku ukiamua kupiga rangi nitakuchaji mara mbili, ya rangi na ya kuyatoa hayo mafuta.

#5 DagaaKavu
Fundi lazima aseme hivyo, mafuta ya mgando yakitosha yeye atakula wapi?

#6 Mkemia wa Bwiru
Swali la kwanza la mleta uzi ndilo zuri, na mmeliruka wote.
Weusi haujaenda popote. Plastiki nyeusi ya gari inapewa rangi kwa masizi laini sana ya kaboni, na kaboni haipauki kwa jua. Kinachochakaa ni plastiki iliyoishika hiyo kaboni. Miale ya UV, ile ya jua isiyoonekana kwa macho, ikishirikiana na joto inakatakata minyororo ya molekuli, oksijeni ya hewani inamalizia, na ngozi ya juu inafanya nyufa ndogo ambazo jicho halizioni moja moja. Mwanga ukifika pale unatawanyika, wewe unaona kijivu.
Jaribu hivi: chovya kidole kwenye maji, chora mstari juu ya dashibodi. Utakuwa mweusi, kwa sababu maji yamejaza zile nyufa. Halafu subiri ukauke.

#7 Mwalimu wa Nyegezi
Nimetoka nje sasa hivi na kikombe cha maji. Nimeandika "DARASA LA 4B" kuanzia upande wa dereva. Jeusi tii, kama gari limetoka meli jana! Dakika moja na nusu hivi, D ikaanza kufutika, ikafuata A. Mtoto wangu amesimama mlangoni ananiuliza, baba unaliandikia nini gari?

#8 Mtu wa Pwani
Mwalimu hadi gari amelifanya ubao. Salamu kutoka Dar. Picha lakini.

#9 Dereva Mstaafu
Vijana, nimeendesha abiria miaka 22, na mimi naona mnaionea UV bure. Kioo cha mbele si kama vya milango. Ni vioo viwili vimebana nailoni katikati, ndiyo maana kikipasuka hakimwagiki, kinabaki kimeshikana. Ile nailoni inazuia karibu UV yote. Vioo vya milango ndivyo vinapitisha zaidi. Sasa kama kosa ni la UV, mbona dashibodi ndiyo inaanza kupauka kabla ya milango?
Mimi nasema ni joto. Nilikuwa naenda Magu asubuhi jua usoni, narudi jioni jua usoni. Dashibodi ukiiwekea kiganja unakitoa mwenyewe.

#10 Mkemia wa Bwiru
Mzee wangu, shikamoo. Kwenye kioo uko sahihi, na mimi nilipaswa kusema. Ila dashibodi imelala chali, inatazama juu siku nzima. Mlango umesimama wima, unapata jua la pembeni tu. Hata UV ikipita kidogo, miaka 25 ni mingi. Joto halina ubishi: mwaka 2018 watafiti wa Arizona State University waliacha magari juani saa moja, dashibodi zikafika wastani wa nyuzi 69, usukani 53. Joto peke yake lisingeanzisha hivyo, lakini linaharakisha.

#11 Dereva Mstaafu
Marahaba. Kwa hiyo ni joto.

#12 Mkemia wa Bwiru
Ni vyote viwili mzee.

#13 Dereva Mstaafu
Nimekuelewa. Ni joto.

#14 Mtu wa Pwani
Huku kwetu inajulikana, ni upepo wa chumvi. Gari likikaa Kigamboni miaka miwili linazeeka kuliko la Dodoma la miaka kumi. Na nyie si mna ziwa hapo.

#15 Mzinza wa Kome
Ndugu yangu wa Pwani, ziwa hili halina chumvi. Tunalipikia ugali. Upepo wake unaleta wadudu na harufu ya dagaa, chumvi hapana.
Mnachosahau ni mwinuko. Ziwa Victoria liko zaidi ya mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, na kila ukipanda mita 1,000 UV inaongezeka kama asilimia 10. Halafu tuko nyuzi mbili na nusu tu kusini mwa Ikweta, jua linapita utosini mara mbili kwa mwaka. Sisi tumewekwa karibu na jiko.

#16 Mtu wa Pwani
Kumbe mmezidiwa hadi jua. Mawe sawa, sato sawa, ila hilo jua baki nalo.

#17 Ng'wana Igoma
Hayo mawe ndiyo yanatumaliza. Paki gari pembeni ya mwamba saa nane mchana, ukirudi saa moja na nusu usiku jua limezama, mwamba bado unatoa moto kama tofali la tanuru. Gari langu lina ubavu mmoja uliopauka, na ni ubavu unaotazamana na jiwe la jirani.

#18 Kijana wa Mabatini
Jiwe la jirani lishtakiwe.

#19 Bi Saluni
Wapendwa, mimi si fundi ila nina saluni hapa Kitangiri na nina Vitz. Ndani ni rangi ya maziwa, siyo nyeusi. Zile plastiki za nguzo za vioo zilikuwa zimegeuka njano kama meno ya mvuta sigara. Kaka yangu akaniambia watu wanaorudisha kompyuta za zamani wanatumia haidrojeni peroksaidi na jua. Nikacheka, maana peroksaidi ndiyo ninayochanganyia rangi ya nywele kila siku. Nikachukua ile krimu iliyoandikwa 40, yaani asilimia 12, nikapaka, nikafunga nailoni ya kufungia chakula, nikaanika uani saa nne.
Ikarudi nyeupe kweli, ila nguzo moja ina michirizi kama pundamilia, maana krimu ilikauka pale nailoni iliponyanyuka. Vaeni glavu. Mimi nilijiona mzoefu, vidole vikawa vyeupe na vikaniwasha mpaka usiku.

#20 Mkemia wa Bwiru
Dada asante, hii ni kweli kabisa, lakini ni ugonjwa mwingine. Ya kwako inaelekea ni plastiki ngumu aina ya ABS, nyeupe iliyogeuka njano. Peroksaidi inaondoa unjano tu, haizibi nyufa. Mwalimu akiipaka kwenye dashibodi nyeusi ataongeza weupe. Na unjano unaweza kurudi, usishangae mwakani.

#21 Bi Saluni
Umesharudi kidogo. Nilikuwa nasingizia macho.

#22 Fundi Rangi Nyakato
ndiyo maana huwa nasema jua kwanza ni plastiki gani. fungua kipande, geuza nyuma, kuna herufi ndani ya vimkuki viwili. >PP< >ABS< >PVC<. ngozi laini ya juu ya dashibodi mara nyingi ni PVC yenye sponji chini. droo na plastiki za chini ya usukani mara nyingi PP. kwenye gia na redio ni ABS. kila moja na dawa yake. herufi zikiwa zimefutika chukua kipande tupa kwenye beseni la maji. PP inaelea, ABS na PVC zinazama.

#23 Mpwa wa Mwaloni
Fundi, nimefungua mfuniko wa droo ya Corolla 110 yangu, nimetupia kwenye ndoo. Umezama kama jiwe. Nikautoa nikaugeuza, umeandikwa PP. Nani muongo hapa, wewe, maji au Mjapani?

#24 Fundi Rangi Nyakato
soma tena vizuri. baada ya PP hakuna kitu kingine?

#25 Mpwa wa Mwaloni
Kuna T20. Nilidhani ni mwaka.

#26 Mkemia wa Bwiru
T20 ni talki asilimia 20. Wanachanganya kwenye PP ili iwe ngumu na isijikunje kwa joto. Talki ni nzito, ndiyo maana imezama. Fundi hajadanganya, ila kipimo chake ni cha PP tupu.

#27 DagaaKavu
Talki si ndiyo poda ya mtoto? Kwa hiyo plastiki imepakwa poda tangu kiwandani, halafu tunashangaa imepauka!

#28 Mkemia wa Bwiru
Umetania lakini hujakosea sana. Plastiki yenye talki ikikwaruzwa, mkwaruzo unaonekana mweupe. Sehemu ya mabaka ya mwalimu kwenye milango inaweza kuwa hiyo: pete, saa, kucha.

#29 Kijana wa Mabatini
Nimemaliza karanga, sasa na mimi nichangie. Kuna video zinaonesha mtu anapuliza hewa ya moto ya hitigani kwenye bampa lililopauka, weusi unarudi papo hapo kama miujiza. Nikaazima hitigani kwa jamaa wa aluminiamu. Bampa la Noah likarudi kweli. Nikapandwa na kichwa, nikaingia ndani. Nikaanza na plastiki inayozunguka redio. Sekunde tatu, nne, naona inang'aa vizuri, nikasogeza karibu. Ghafla zile chembechembe za juu zikalala zote, pakawa laini kama kipara cha mzee, halafu pembe ya chini ikajikunja kama chapati pembeni mwa kikaango. Redio mpaka leo inatazama kushoto.
Na lile bampa lilipauka tena baada ya miezi mitano.

#30 Fundi Rangi Nyakato
kwenye redio ni ABS, inalainika ikipita nyuzi mia hivi. bampa la PP linavumilia mpaka karibu 160. ulichoma kitu kisichohusika. hitigani ndani ya gari mimi sigusi, na kwenye erbegi, ule mfuko wa hewa wa ajali, ndiyo kabisaa.

#31 Mtu wa Pwani
"Redio inatazama kushoto." Nimecheka peke yangu kwenye mwendokasi, watu wananiangalia.

#32 Mwalimu wa Nyegezi (Jumapili, saa 11 jioni)
Nimerudi na ripoti. Leo baada ya ibada nimejifungia na gari chini ya mwembe.
Niliamua kuanza na kuosha tu, bila kupaka chochote. Maji ya vuguvugu, sabuni ya maji ya kuoshea vyombo matone machache, mswaki mmoja wa zamani na brashi laini ya viatu. Nilianza na mlango wa dereva. Zile chembechembe za plastiki ukizitazama kwa karibu ni kama ngozi ya chungwa, na ndani ya kila kishimo kuna uchafu. Nikisugua kwa kuzunguka, povu linatoka jeupe, linageuka kijivu, halafu rangi ya chai ya maziwa. Nikafuta kwa fulana ya zamani, nikarudia. Maji ya kwanza niliyamwaga yakiwa na utando wa mafuta juu, rangi rangi kama upinde wa mvua. Hayo ni mafuta ya vijana wa kuosha gari, miaka sita.
Mara ya tatu lile baka la pale mkono unapoegemea likaondoka karibu lote. Kumbe halikuwa kupauka, ni jasho na losheni zilizogandana na vumbi. Nilisimama nikalitazama kama nimepata mtoto.
Dashibodi juu: nimeosha mara nne. Safi, lakini kijivu. Tena kijivu kuliko jana, maana mafuta yote yametoka.

#33 Dereva Mstaafu
Umefanya vyema mwalimu. Nusu ya kupauka ni uchafu, hilo nimelisema miaka yote.

#34 Kijana wa Mabatini
Mzee, jana ulisema ni joto.

#35 Dereva Mstaafu
Nusu nyingine ni joto.

#36 Ng'wana Igoma
Mwalimu, unajua lile "kitu chao" la vijana wa kuosha ni nini? Mimi nilimuuliza mmoja kwa upole, nikampa na soda. Ni dizeli, sabuni ya unga na maji, wanatikisa kwenye chupa. Ile ya matairi ndiyo hiyo hiyo ya dashibodi.

#37 Mzinza wa Kome
Na wengine wanaoshea gari ziwani kabisa, tairi ndani ya maji. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za namna hiyo ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Hiyo dizeli yenu tunakuja kuivua na nyavu.

#38 Mpwa wa Mwaloni
Ndiyo maana sato wa siku hizi wanajikaanga wenyewe.

#39 Mzinza wa Kome
Kwenye habari ya joto na foleni, nani anakumbuka kivuko cha Kigongo na Busisi? Ukikosa zamu unakaa juani gari limezimwa, vioo chini, kapakiti ka karanga mkononi, saa mbili zinapita. Nadhani magari ya Sengerema yote yalipaukia pale. Tangu daraja lifunguliwe Juni 2025 unavuka kilomita tatu kwa dakika chache, hata huna muda wa kununua ndizi.

#40 Bi Saluni
Nazikosa zile ndizi.

#41 Mwalimu wa Nyegezi
Wakuu turudi kwenye dashibodi. Fundi, tuseme nataka kupiga rangi. Kazi yenyewe ikoje? Na kwa nini yule mwenzako alisema nitaiharibu?

#42 Fundi Rangi Nyakato
mwenzangu hajakosea, watu wengi wanaharibu. sikiliza.
adui wa kwanza ni silikoni. hizi dawa za kupuliza za kung'arisha nyingi zina silikoni, na silikoni haitoki kwa sabuni peke yake. ukipiga rangi juu yake rangi inakimbia, inaacha vishimo vya duara kila mahali, kila kimoja na ukingo wake. kwenye ufundi tunaita macho ya samaki. nimewahi kupuliza mlango wa Mark II nikasimama natazama macho yanafunguka moja baada ya jingine kama sangara mia wananiangalia kutoka kwenye barafu. nilifuta yote nikaanza upya, hasara yangu.
kwa hiyo: fungua kipande, kipelekee nje. osha kama ulivyoosha. kausha. futa kwa dawa ya kuondoa mafuta, kitambaa kimoja cha kupaka na kingine cha kufutia, usirudishe kile kichafu. tina usitumie, inakula ABS. sugua kwa msasa laini wa maji namba 800, au ile brashi ya kijani ya masufuria, taratibu, usimalize chembechembe. kama ni PP lazima upige kwanza praima yake ya plastiki, ile isiyo na rangi. PP haishikwi na kitu, bila hiyo praima rangi itabanduka kwa ukucha baada ya mwezi. kama ni ngozi ya PVC tafuta rangi ya vinili, hiyo inashikana na ngozi na inakunjika nayo.
puliza nyepesi mara tatu, acha dakika kumi kila mara. chukua isiyong'aa. inayong'aa utaendesha gari unatazama dashibodi kwenye kioo badala ya barabara.

#43 DagaaKavu
Hatua zote hizo. Mimi dakika tatu na kopo langu.

#44 Dereva Mstaafu
Mwalimu, kabla hujafungua chochote: Carina yako kama ina maandishi ya SRS (alama ya erbegi) upande wa abiria, toa waya hasi wa betri, subiri angalau sekunde 90 ndipo uguse. Na kile kifuniko cha erbegi usikipige rangi nzito wala kukigundisha. Kinatakiwa kipasuke pale kilipopangiwa.
Halafu mimi bado sikubaliani na rangi. Cha kiwandani kiache na uzee wake.

#45 Mama Wawili Buhongwa
Samahani naingilia. Mimi ya kwangu haijapauka, inanata. Nimenunua gari la 2005, ukiweka kidole kwenye kitasa cha ndani na juu ya droo kinabaki na alama, kama sukari guru. Kitambaa kikipita kinaacha manyoya. Ni joto pia?

#46 Mkemia wa Bwiru
Hapana dada, hiyo si plastiki yenyewe. Miaka ile baadhi ya plastiki zilipakwa tabaka laini la polyurethane ili ukishika uhisi ulaini. Joto na unyevunyevu wa hewa vinalivunja polepole mpaka linageuka kuwa gundi. Halirudi. Wengi wanaliondoa lote kwa spiriti na subira, plastiki ngumu ya chini inabaki. Anza sehemu iliyojificha uone.

#47 Mama Wawili Buhongwa
Asante sana. Nilikuwa namlaumu mtoto na pipi zake.

#48 Ng'wana Igoma
Hili la unyevunyevu sasa linanirudisha ziwani. Asubuhi kioo changu kwa ndani kina ukungu, ukifuta kwa karatasi nyeupe inatoka na mafuta ya njano. Sipaki mafuta, sivuti sigara. Yanatoka wapi?

#49 Mkemia wa Bwiru
Dashibodi yako. PVC inalainishwa kwa mafuta maalumu, joto linayafukuza, yanapanda yanaganda kwenye kioo. Kila unapofuta kioo unafuta kidogo cha dashibodi, na ngozi iliyoishiwa hayo mafuta ndiyo inakauka na kupasuka.

#50 Fundi Rangi Nyakato
hapo ndipo mimi na mkemia tunaachana. ninazofungua zilizopasuka, nyingi zilipakwa silikoni miaka. zilizoachwa kavu zimepauka tu, hazijapasuka.

#51 Mkemia wa Bwiru
Labda wanaopaka ni wale ambao magari yao yanakaa juani zaidi, ndiyo maana wanapaka.

#52 Fundi Rangi Nyakato
labda. na labda ni silikoni.

#53 Mwalimu wa Nyegezi (wiki tatu baadaye)
Wakuu samahani kwa ukimya, tulikuwa kwenye mitihani.
Nilimpelekea Fundi Rangi droo peke yake kama majaribio, ni PP-T20 kama ya Mpwa. Kazi yake nzuri, nimejaribu kubandua kwa ukucha imegoma. Tatizo: nimeirudisha kwenye gari, sasa droo ni nyeusi mpya na kila kitu kingine kinaonekana kizee zaidi. Ni kama kuvaa kiatu kimoja kipya. Weusi wa kopo si weusi wa Toyota wa 1999, kumbe ule ulikuwa na ukijivu kidogo wa kuzaliwa.
Juu ya dashibodi nimetafuta dawa isiyo na silikoni, ya maji maji, ninapaka kidogo Jumamosi na kufuta mpaka kiganja kisitoke na kitu. Inashika siku kumi hivi. Na nimeweka kadibodi kwenye kioo nikipaki shuleni. Juzi korongo katua juu ya boneti akawa anaitazama ile kadibodi, mwalimu wa zamu akasema amekuja kukagua.
Mke wangu ameona nachelewa. Amefuma kitambaa cha nyuzi nyeupe, kama kile cha kwenye kochi, akakitandika juu ya dashibodi kutoka mwisho hadi mwisho, na maua pembeni.

#54 Dereva Mstaafu
Kimefunika SRS?

#55 Mwalimu wa Nyegezi
Kimefunika.

#56 Dereva Mstaafu
Mwalimu.

#57 Mwalimu wa Nyegezi
Nimemwambia. Amefumua upande wa abiria jana usiku, kimebaki cha upande wa dereva na katikati. Amesema nyuzi zilizobaki atanifumia kofia ya usukani. Na kile cheupe kinapiga kivuli kwenye kioo kuliko hata mafuta ya mgando, nimeogopa kumwambia mara ya pili.

#58 DagaaKavu
Starlet yangu bado inang'aa.

#59 Bi Saluni
Mwalimu, mwambie anifumie cha Vitz kifiche pundamilia. Nalipa.

#60 Mtu wa Pwani
Mwezi unaisha. "Picha natupia jioni." Jioni ya lini mwalimu?